Mizunguko Miwili ya Skrubu

Jina lake nalijua, na nikilitamka leo pale mtaa wa Kanyenye wapo wazee wawili watatu watakaoinua vichwa. Sitaliandika. Limeshatembezwa vya kutosha na midomo isiyolistahili, na mmoja wa midomo hiyo ni huu wangu. Sisi tulimwita Fundi, basi, kana kwamba mji mzima wa Tabora haukuwa na fundi mwingine.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa Wamoraviani kule Usoke. Leo nina malori matano, yote ya tabo, yote yangu, na wasomi wenye tai hunipigia simu kuniuliza kwa nini gari lao halipandi mlima. Injini ikipita barabarani, mimi nikiwa ndani nakunywa uji, nakwambia inaumwa wapi na fundi gani aliyeiharibu. Sijisifu, waulize watu. Kwenye harusi na kwenye misiba husimama mtu akasema, "Huyu bwana amejitengeneza kwa mikono yake mwenyewe," nami hutikisa kichwa kukubali. Nimekitikisa miaka mingi. Sasa kimechoka.

Fundi alikuwa mfupi, shingo nene, masikio makubwa kuliko haki yake. Alitembea mbio mbio kama mtu anayewahi treni iliyokwisha piga honi, lakini akifika mbele ya injini alipoa ghafla, akasimama muda mrefu bila kugusa kitu. Alikula kwa mkono wa kulia, akasalimia kwa wa kulia, akavuta tasbihi kwa wa kulia. Spana na koleo alishika kwa kushoto. "Wa kulia ni wa Mungu," alikuwa akisema. "Wa kushoto ni wa tajiri." Chai hakunywa mpaka ipoe kabisa, ifanye utando juu. Alikuwa na ufito wa mninga, umelainika kwa kushikwa: ncha moja anaiweka kwenye injini, ncha nyingine sikioni, anafumba macho, anasikiliza. Wageni walidhani ni uganga. Siku moja mama muuza maandazi alimwuliza, "Fundi, hiyo injini inakwambia nini?"

Akajibu bila kufumbua macho, "Inauliza kwa nini maandazi yako siku hizi yanaona haya kujitokeza."

Msikitini alikuwa mtu wa adabu, sauti chini, safu ya kwanza. Uani kwake, nati ikikataa kufunguka, alitukana kwa Kinyamwezi, matusi marefu yanayopita kwa babu na bibi wa kiwanda kilichoitengeneza. Kisha anaomba radhi. Anaiomba nati, si sisi tuliosikia.

Lakini la ajabu kuliko yote: aliogopa mwendo. Mtu huyu, aliyeweza kuifanya injini yoyote ikimbie, hakupenda kukaa ndani ya kitu kinachokimbia. Nilipompeleka kujaribu gari alifumba macho tangu tunatoka Kanyenye, ufito sikioni, mkono wa pili umeng'ang'ania mlango. Nikizidisha kidogo naona midomo yake inacheza. "Fundi, unasoma dua?" namtania. "Nasoma yako," anasema. "Yangu nilishamaliza nyumbani."

Ufundi wake ulitoka kwenye mvuke. Uhuru ulimkuta kwenye injini za moshi za reli, amejaa masizi, anajua boila kama mtu anavyoujua mlango wa kwao. Boila ina valvu ya usalama: springi imekaa juu ya tundu, mvuke ukizidi unaisukuma, unatoka kwa kelele, na watu wanapona. Ukiikaza ile springi mvuke unabaki ndani zaidi. Nguvu inaongezeka, na kifo nacho kinasogeza kiti. Kwa hiyo wenyewe walikuwa na desturi. Ukishaiweka valvu mahali pake unapitisha waya mwembamba kwenye skrubu, unausokota kwa koleo, unaufunga. Huo waya ni sahihi yako. Fundi aliichukua desturi hiyo akaipeleka hata pasipo na mvuke. Alifunga waya kwenye kabureta za watu, kwenye pampu za visima, mpaka kwenye jiko la mafuta ya taa la jirani. "Nikifunga nimesema," alikuwa akituambia. "Mtu asinifungulie maneno yangu."

Sasa maneno yake yaliwahi kufunguliwa, na hapo ndipo mkasa wake ulipo.

Alipotoka kwenye reli alichukuliwa na mwenye kiwanda cha mbao, porini huko, kumwangalizia boila ya kuendesha misumeno. Mchochea kuni wa pale alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe kwa baba na mama. Siku moja Fundi yuko mjini kutafuta mpira wa bomba, boila ikapasuka. Shemeji akaungua kwa mvuke. Alikaa siku mbili, siku ya tatu wakamzika Kwihara, kwao. Waliokuja kuchunguza walikuta waya umekatika na springi imekazwa kupita alama. Fundi akasema aliiacha imefungwa vizuri. Wakamwuliza, "Hapa fundi wa valvu ni nani?" Akasema, "Mimi." Wakaandika hivyo hivyo. Hakufungwa, maana hakuna aliyemwona akikaza, lakini alirudi Tabora na jina jipya: Mkaza Valvu. Watu walilisema kwa mzaha wakati wa bao, na alicheka nao. Nilimwona akicheka. Meno tu ndiyo yaliyocheka.

Mkewe hakumwacha. Alimpikia, alimfulia, alimwuguza. Lakini habari za kaka yake hakuzigusa, isipokuwa mara moja, na hili alinisimulia Fundi mwenyewe tukiwa chini ya gari, mahali ambapo wanaume husema mambo kwa sababu hawaonani nyuso. Mkewe alimwambia hivi: "Nimekaa na wewe kwa sababu sijui. Siku nitakayoona kitu chako chenye nguvu, ulichokifunga wewe, kimekwenda na kurudi salama mbele ya watu, siku hiyo nitakuuliza upya. Sasa hivi nikikuuliza sitasikia jibu."

Miaka saba alikuwa akingojea kuulizwa.

Gari lilikuja kwangu. Nalisema wazi kwa sababu wapo watu wawili mjini wanaodai walilileta wao. Nililikuta mimi, Usoke, ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Mzungu mmoja mwenye shamba alilitupa pale alipoondoka, mashamba yalipokuwa mali ya taifa. Lilikuwa gari la michezo, milango miwili, chini kama kobe, jekundu chini ya vumbi, na hata wakati ule lilikwisha zeeka. Nililipata kwa baiskeli mbili na redio. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, dereva wa lori la tumbaku, na nakuhakikishia kutoka Tabora hadi Kigoma hapakuwa na dereva kama mimi.

Lilikuwa na tabo. Siku zile wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona kitu hicho. Ni kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, nacho kinavuta upepo na kuusukumia ndani ya injini, ili ile ile lita ya petroli iungue kwa nguvu zaidi. Nililipeleka uani kwa Fundi; akakifungua juu ya gunia, akakigeuza geuza. Pembeni akakuta kilango kidogo chenye springi na skrubu: upepo ukizidi, kilango kinafunguka, moshi unapita kando, kifeni kinapunguza kasi. Kisha akacheka, safari hii na macho yakiwamo.

"Dereva," akaniita, "wazungu wamelipa gari valvu ya usalama!"

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja siku hiyo hiyo, mikono nyuma, akalizunguka gari mara mbili. Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni na petroli ya mgao. "Ndugu Fundi," akasema, "hili ni gari la watu wawili. Nchi hii ni ya watu wote. Tunalielewaje?"

"Panda, ndugu mjumbe," akasema Fundi. "Tukiwa watatu tumeshaanza ujamaa."

Mjumbe akapanda. Akashuka amesahau alilokuja nalo.

Kuurekebisha ule upepo kulituchukua wiki tatu, na sijapata kumwona mtu akifanya kazi vile. Geji hatukuwa nayo. Alichukua geji ya pampu ya kunyunyizia dawa ya tumbaku, akafuta namba zote, akaweka alama tatu kwa rangi. "Hapa inapumua. Hapa inafanya kazi. Hapa nyekundu, inakufa." Akaileta ndani kwa mpira mwembamba, akaifunga mbele ya usukani. Kisha skrubu: nusu mzunguko, si zaidi. Tunakwenda Kwihara na kurudi, yeye macho amefumba. Tukirudi anatoa plagi moja moja, anazipanga kwenye kitambaa cheupe. Ncha ikiwa na rangi ya ugoro, injini imeshiba vizuri. Ikiwa nyeupe, inaungua. Nusu mzunguko mwingine. Kwihara tena. Siku moja plagi ya tatu ikarudi nyeupe, na juu yake vipunje vidogo vinang'aa kama chumvi. Alinionyesha kwa ukucha.

"Unaona hivi? Hii ni pistoni. Imeanza kuja nje kutusalimia."

Akalegeza robo tatu. Nilipinga. Nilimwambia vitabu vya wazungu lazima vinasema linaweza kuvumilia zaidi. Yeye hakuwa na kitabu na mimi sikuwa nacho, lakini nilisema.

"Lingevumilia na petroli ya kwao," akasema. "Hii yetu ya mgao wanaichanganya na mafuta ya taa, naisikia. Ukiipa upepo mwingi inawaka kabla ya wakati wake, inagonga. Ukisikia mahindi yanarushwa ndani ya kopo, ujue injini inakufa. Upepo unatakiwa ulingane na mafuta uliyonayo, Dereva. Siyo mafuta unayoyatamani."

Akafunga waya. Koleo mkono wa kushoto, akausokota, akaukata, akaubonyeza kwa kidole.

Wakati ule shirika moja la malori la umma lilikuwa limepata malori mapya ya tabo, na mawili yalishakufa kwa sababu hakuna aliyeyajua. Meneja wake, mtu wa pwani, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, akasikia habari za gari jekundu. Akaja uani. Akatazama geji ya dawa ya tumbaku, akatazama waya, akauliza maswali ya mtu anayejua anachouliza. Mwisho akasema, "Mzee, Jumamosi nitakaa ndani. Usoke na kurudi, dereva wako anaendesha. Likirudi zima, Jumatatu njoo ushike karakana yangu. Na ya kiwanda cha mbao mimi sikuyasikia."

Fundi alisema ahsante mara moja tu. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mkewe. Mama yule hakuwa amekanyaga ua ule wa kazi tangu msiba. Alikuja mpaka kwenye boneti iliyo wazi, akainama, akauangalia ule waya.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Haya," akasema. "Jumamosi nitakuwa mlangoni."

Hayo yote niliyaona. Nilikuwa nimesimama pale, kitambaa mkononi. Mtu asije akasema sikujua.

Ijumaa, kwenye foleni ya petroli, dereva mmoja wa basi alinitania mbele ya watu. "Gari lako linapumua kama bibi harusi," akasema. "Limekaa tu, linangoja kuombwa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nililala nalo. Jumamosi asubuhi Fundi yuko msikitini, mimi nalisugua gari ling'ae. Nikafungua boneti. Nikajiambia: Meneja atakuwa ndani, akiona linavyoruka atanikumbuka mimi, siyo skrubu. Nikaufungua waya. Fundi alikwenda nusu nusu kwa wiki tatu. Mimi nilikwenda mizunguko miwili kwa pumzi moja. Nikaurudisha waya, nikausokota, nikafunga boneti. Alipotoka msikitini alinikuta nasugua taa.

"Liko sawa?" akauliza.

"Liko sawa, Fundi."

Hakulifungua tena. Alikwisha funga.

Kwenda, lilikuwa raha ambayo sijaipata tena hata leo na malori yangu. Vumbi lilibaki nyuma kama ukuta. Meneja alishika kofia yake akacheka kama kijana. Usoke tukanywa maji, watu wakatuzunguka, nikawapigia honi bila sababu. Kurudi ndiyo nikalikanyaga kabisa. Mshale wa geji ukaipita alama ya pili, ukaenda ukalala juu ya nyekundu.

"Hiyo nyekundu ni ya nini?" akauliza Meneja.

"Ya tahadhari tu, mkubwa."

Nikasikia mahindi. Nakwambia ukweli, niliyasikia vizuri, punje kwa punje, na nikajua ni nini, na mguu haukutoka. Zilikuwa zimebaki maili tano. Nikasema likifika limefika. Kisha ukaja mlio mmoja kama nyundo juu ya reli, moshi wa buluu ukajaza kioo, na gari likaanza kwenda kwa kuomba omba, likasimama.

Tulivutwa na ng'ombe. Mkulima mmoja alikuwa njiani na maksai wake wanne, akatufunga mnyororo. Saa tatu nzima, Meneja amekaa pembeni yangu, mimi nashika usukani wa gari la michezo nyuma ya mikia ya ng'ombe. Tulipoingia Kanyenye watu walikwisha jipanga. "Mkaza Valvu!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakapokea. "Safari hii kakaza mpaka ng'ombe wakatoka!"

Mkewe alikuwa mlangoni, kama alivyosema.

Fundi akaja taratibu, yeye ambaye hakuwahi kwenda taratibu. Akafungua boneti. Hakutazama injini. Alitazama waya. Mtu wa kushoto husokota upande mmoja, mtu wa kulia upande mwingine. Mimi sikulifikiria hilo, na nani angelifikiria? Akaugusa kwa kidole. Kisha akainua macho, hakunitazama usoni, alinitazama mkono wa kulia. Muda wa kumeza mate, basi.

"Mzee," akasema Meneja, kwa upole uliouma kuliko tusi, "uliikaza zaidi?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kinywa changu kilikuwa wazi, nakumbuka vumbi kwenye ulimi. Nilikuwa nangoja Fundi aseme, ili nikane. Ndivyo nilivyokuwa nimejiandaa, haki ya Mungu: si kusema, bali kukana.

Fundi akasema, "Gari limetoka uani kwangu."

Meneja akatikisa kichwa, akaweka kalamu mfukoni. Mlangoni hapakuwa na mtu tena. Baada ya kitambo mama yule akatoka na bunda moja la nguo kichwani, akapita katikati yetu, akashika njia ya Kwihara. Watu walimpisha. Fundi alisimama, mkono juu ya boneti, mpaka mkewe alipopotea kwenye kona, na hata alipokwisha potea.

Jumatatu Meneja aliniita mimi. "Gari lilipasuka kwenye mwendo ule na hukulipindua," akasema. "Dereva wa namna hiyo namtaka." Nikapewa lori jipya la tabo. Hapo ndipo mali yangu ilipoanzia, kama ulikuwa unajiuliza.

Fundi alifunga karakana yake ya uani. Wateja hawakurudi, na yeye hakuwaita. Akabaki na baiskeli na majiko ya mafuta ya taa. Nilipita pale na lori langu kila wiki, napiga honi, anainua mkono. Na sasa sikiliza jambo ambalo limenitafuna kuliko yote. Aliendelea kunifundisha. Nikisimama anakuja na ufito wake, anaweka sikio, anasema: "Ukifika usizime papo hapo. Liache lingurume dakika mbili tatu, kifeni kipoe, la sivyo mafuta yatakauka kwenye shafti." Au: "Mpira huu wa upepo una ufa, shika hapa, unasikia?" Madereva wenzangu waliua tabo zao mwaka wa kwanza. Yangu ilidumu miaka tisa. Wakasema nina kipaji. Nikasema ndiyo, ninacho.

Kwa nini alinifundisha sijui. Wakati mwingine naona ni wema. Wakati mwingine naona ilikuwa adhabu, na kwamba aliipima vizuri, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Nilinunua lori langu la kwanza, nikaliegesha mbele ya nyumba yake alione. Akalizunguka, akasikiliza, akasema ni zuri. Nikataka kusema siku ile. Nikasema nitarudi kesho. Miaka ikaenda kwa kesho za namna hiyo. Ujamaa ukaisha, foleni zikaisha, Meneja akarudi pwani akafa huko, dereva wa basi naye akafa. Wale waliopiga kelele siku ya ng'ombe, nikiwahesabu, nusu wako makaburini na nusu wamesahau walichokuwa wanakicheka. Hata ningetaka kusafisha jina lake mbele ya watu, watu wenyewe wangetoka wapi?

Mwaka juzi nikaambiwa macho yake yamekwisha kuwa na ukungu. Nikaenda, nimebeba mchele na sukari, kama wanavyokwenda watu wenye lao moyoni. Alikuwa barazani, anafunga spoku za baiskeli kwa kupapasa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Dereva. Lori lako la pili lina kikohozi, nimelisikia jana likipita."

"Fundi, nimekuja kwa lile gari jekundu. Ile siku, mimi ndiye..."

Akainua mkono wa kushoto kunizuia. "Mimi usiniambie. Mimi nilikuwepo."

"Sasa nimwambie nani?"

Akaweka spoku chini, moja moja, zisichanganyike. "Yuko Kwihara. Mzima. Nipeleke."

Nilimpeleka kwa pikapu. Sikuzidi mwendo wa baiskeli, na yeye hakufumba macho. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mimi ni mtu wa maneno, nimehutubia mikutano ya wenye malori mkoa mzima. Tulipofika ua wenyewe, yote yalikuwa yamekwisha.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya ua, anabangua karanga kwenye ungo. Nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Alimwona Fundi akishuka, akishikilia mlango. Hakusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule dereva."

"Ndiye, mama." Nikasema nikiwa nimesimama. "Ile skrubu niliikaza mimi. Asubuhi ile, Fundi yuko msikitini. Mizunguko miwili. Nikafunga waya kama wake, nikanyamaza."

Akabangua karanga nyingine, akatupa ganda. "Una miaka mingapi sasa?"

"Hamsini, mama."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nimejibu maswali ya polisi, ya mabenki na ya mawakili. Huyu hakuningojea nijibu. Aligeuka kwa mumewe, aliyekuwa amesimama nje ya kivuli, haoni vizuri mkeka unapoanzia.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile."

"Na ukaniacha nikaondoka."

"Ningekwambia ungeniamini?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, mikono imesimama juu ya ungo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kasha la zamani na hataki kudanganya kwamba amekiona.

"Hapana," akasema. "Nisingekuamini."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Na ya kaka yangu?"

"Niliiacha imefungwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Nikaenda mjini. Zaidi ya hapo sijui, mke wangu. Sijawahi kujua."

Kuku walipita. Mtu alikuwa anatwanga ua wa pili. Mama akakusanya maganda kwa kiganja, akayasogeza upande wake, na yeye mwenyewe akasogea kidogo kwenye mkeka. Fundi akapapasa kwa mguu, akaupata ukingo, akavua viatu. Akashuka goti moja, halafu la pili. Mama akausukuma ungo ukawa katikati yao. Fundi akaanza kubangua naye, polepole, kwa mkono wa kushoto.

Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Hakuna aliyeniambia karibu.